Ruzuku ya kupunguza matumizi ya umeme nyumbani: tusaini mkataba wa kampuni hii au tusubiri?

BintiMwalimu

Habari zenu wote. Naomba ushauri wa watu wanaoyajua mambo haya, maana zimebaki siku kumi na moja kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Anaishi na wajukuu wawili kwenye nyumba waliyoijenga yeye na marehemu baba, chumba kimoja kimoja, kwa miaka tisa. Ni ya tofali, paa la bati, dari ya mbao nyembamba ambayo kona ya sebule imebonyea tangu mvua ilipovuja. Umeme unakula sehemu ya pensheni yake ambayo nikiitazama naumia, na yeye hasemi. Nimegundua tu kwamba usiku anazima feni ya chumbani kwake na kuwaachia watoto ya kwao.

Nimeanza kuandika mita kila Jumapili saa moja asubuhi. Wiki saba sasa. Wastani ni yuniti 62 kwa wiki. Wiki ya chini kabisa 58, ya juu 67. Vinavyokula umeme ni hita ya maji ya lita 80 inayokaa imewashwa usiku na mchana, friji iliyo na umri mkubwa kuliko mjukuu wa kwanza (mpira wa mlango umechanika, mama huufunga mlango kwa kamba), pasi, televisheni na feni mbili. Taa zote ni za LED, nilizibadilisha mwenyewe mwaka juzi. Juzi saa tisa alasiri kipimajoto kilisoma nyuzi 34 sebuleni, na nje kivulini ilikuwa 31. Yaani kukaa chini ya mti ni nafuu kuliko kukaa ndani ya nyumba yako.

Sasa serikali imetangaza ruzuku ya nyumba. Nilivyoelewa: kazi ifanywe na kampuni iliyosajiliwa, mwenye nyumba alipe yote kwanza, halafu apeleke risiti na picha arudishiwe nusu. Orodha ya vinavyolipiwa ina kuhami paa (yaani kuweka kizuizi cha joto), madirisha, hita za maji za jua, paneli za sola na pampu za joto.

Kampuni moja ilimtuma kijana mwenye adabu nzuri. Alikaa dakika ishirini. Hakupanda darini, hakuligusa friji, hakuuliza kuhusu mita. Akapendekeza paneli nane za sola, hita mpya ya umeme, na povu la kuzuia joto la kupuliza chini ya bati lote. Akasema tusaini wiki hii kwa kuwa fungu la ruzuku linaisha. Mama alikuwa ameshashika kalamu. Nikamwomba anipe siku chache.

Maswali yangu: je, tusaini? Tukikosa dirisha hili tutakuwa tumempotezea mama bahati? Na hizo fedha za kulipa yote kwanza, hatuna. Kampuni inasema wana mtu wa kutukopesha. Nikope?

---

FundiMstaafu

Dada, hongera kwa daftari la mita. Nimefanya kazi ya umeme wa majumbani, baadaye ukaguzi wa matumizi, jumla miaka ishirini na sita, na wenye nyumba walionipokea wakiwa na daftari kama lako nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Daftari hilo lina thamani kuliko yule kijana na dakika zake ishirini.

Msisaini. Siyo kwamba sola ni mbaya au povu ni haramu. Ni kwamba hajapima kitu, kwa hiyo hajui anachotibu.

Tuanze na hita. Kupasha lita 80 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji yuniti 3.3 hivi. Hiyo ni kazi halali, maji ya kuoga yanatakiwa. Lakini tangi likiachwa limewashwa saa ishirini na nne, maji yanapoa taratibu, thermostati (swichi inayofuata joto la maji) inawasha, yanapanda, yanapoa tena. Tangi la zamani ambalo sponji yake ya ndani imelowa linaweza kupoteza yuniti moja mpaka mbili kwa siku bila mtu hata kunawa uso. Kwa wiki hizo ni yuniti saba hadi kumi na nne katika 62 zako. Washeni saa mbili kabla ya kuoga, zimeni. Msishushe joto la tangi chini ya 60, kuna bakteria hupenda maji ya uvuguvugu yaliyotulia. Bali wachanganyieni watoto maji ya baridi kabla hawajaingia. Fanyeni hivyo wiki moja tu, usibadilishe kitu kingine, kisha soma mita. Utaona kwa macho yako.

Friji: chukua karatasi, ibane mlangoni, vuta. Ikitoka kama hakuna kilichoishika, mpira umekwisha. Kamba inazuia mlango kufunguka, haizuii hewa ya moto kuingia. Mpira wa mlango unauzwa peke yake na hubadilishwa kwa mchana mmoja. Hakuna mpango wa ruzuku niliowahi kufanya nao kazi uliolipia mpira wa friji, na kila nikikumbuka hilo nasikitika, kwa sababu katika nyumba nyingi za wenye kipato kidogo ungekuwa wa kwanza au wa pili kwenye orodha yangu.

Sasa paa, ambalo ndilo ugonjwa wenyewe. Bati lililochakaa likipigwa na jua la mchana hupita nyuzi 60. Linaikaanga dari kwa mionzi, dari inawakaanga ninyi. Feni haiondoi joto hilo, inalizungusha. Dawa ni tatu na zinaweza kukaa pamoja: rangi nyeupe inayorudisha jua juu ya bati, foili inayong'aa chini ya bati, na pamba ya kioo juu ya dari. Jimbo la Telangana kule India lina sera nzima ya mapaa baridi ya mwaka 2023 hadi 2028, na sehemu kubwa ya kazi yake ni hiyo rangi nyeupe na vigae vya kurudisha jua. Foili ina sharti moja ambalo mafundi wengi wanalivunja: lazima uso wake unaong'aa uachiwe nafasi ya hewa. Ukiigandamiza kwenye bati au ukiizika ndani ya pamba inakuwa karatasi tu ya kupitisha joto.

Povu chini ya bati nyumba kama yenu nalikataa kwa sababu moja: umesema dari ilibonyea kwa kuvuja. Je, tundu liliwahi kutafutwa? Ukifunika bati linalovuja kwa povu, maji yatasafiri ndani ya povu, yatalowesha mbao za kenchi, na utakuja kujua zikishaoza. Kwanza bati lizibwe.

Paneli ziwe mwisho. Nyumba inayokula 62 inahitaji paneli nyingi; nyumba hiyo hiyo ikishuka kwenye 40 na kitu, paneli zinapungua. Ruzuku ya nusu kwa paneli nane unazohitaji tano bado ni hasara, maana nusu ya zile tatu za ziada imetoka kwenye pensheni ya mama. Na kama shida kubwa ni maji ya moto, hita ya jua inatangulia paneli. Paneli ya kawaida hugeuza kama asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme. Bamba la kupashia maji huchukua nusu au zaidi ya jua lile lile na kulitia majini moja kwa moja.

Jambo moja la usalama, tafadhali lisome mara mbili. Mwaka 2009 serikali ya Australia ililipia kuhami mapaa, fedha zikienda moja kwa moja kwa mafundi. Nyumba zaidi ya milioni moja zilifanyiwa kazi kwa muda wa mwaka hivi. Kampuni zikachipuka kama uyoga, zikaajiri vijana wasio na mafunzo. Vijana wanne walikufa wakifanya kazi hiyo: watatu kwa umeme, mmoja kwa joto la darini. Foili ni chuma, inapitisha umeme; pini moja ya chuma ikitoboa waya, paa zima linakuwa na umeme. Februari 2010 mpango ukafungwa, na mwaka 2014 tume ya kifalme ya uchunguzi ikaandika jinsi kazi ilivyokimbizwa na usimamizi ulivyolegea. Kwa hiyo yeyote atakayepanda dari ya mama, swichi kuu izimwe, na mtu abaki chini akiilinda.

---

DawatiLaMaombi

Nakubaliana na FundiMstaafu, naongeza upande wa karatasi. Nilikaa miaka minne kwenye dawati la kupokea maombi ya ruzuku kama hii. Niliyaona machozi pale, na mengi yalitokana na mambo mawili madogo.

La kwanza, tarehe. Mipango mingi hailipii kazi iliyoanza kabla ya barua ya idhini. Kampuni inakwambia "anza tu, barua itakuja". Barua inakuja na tarehe ya baadaye kuliko risiti, na mimi niliyekuwa dawatini sikuwa na mamlaka ya kusogeza tarehe. Nilimrudisha mzee mmoja aliyeuza pikipiki yake kulipia madirisha. Ninamkumbuka mpaka leo alivyokunja makaratasi yake polepole na kuyarudisha kwenye bahasha.

La pili, jina. Hati ya nyumba ina jina la nani? Mita je? Umesema baba ni marehemu. Kama mita au hati bado ni ya kwake, lishughulikieni leo, siyo siku ya mwisho.

Kuhusu kukopa kwa mtu wa kampuni: usikope. Soma vizuri masharti, mipango mingine ina dirisha la wenye kipato kidogo ambapo fedha hulipwa kwa fundi moja kwa moja baada ya ukaguzi, mwenye nyumba hagusi chochote. Mara nyingi halitangazwi redioni, liko ukurasa wa mwisho wa masharti.

Niseme na hili kwa sababu linaniuma. Mtindo wa "lipa kwanza, tutakurudishia" unamchuja mwenye shida kabla hajafika dirishani. Mwenye akiba anapata ruzuku, asiye na akiba anapata kipeperushi. Na ipo mitindo mingine iliyojaribiwa. Tunisia tangu 2005 ina mpango wa hita za jua uitwao Prosol: serikali inachangia sehemu, benki inakopesha zilizobaki, na familia inalipa kidogo kidogo kupitia bili ile ile ya umeme. India mwaka 2015 ilianzisha UJALA: serikali ikanunua balbu za LED kwa zabuni za mamilioni, bei ya balbu moja kwenye zabuni ikaporomoka kutoka rupia 310 hadi chini ya 40 ndani ya miaka kama miwili, na watu waliruhusiwa kulipa kupitia bili. Balbu zaidi ya milioni 360 zimegawanywa. Pale ruzuku haikuwa hundi, ilikuwa nguvu ya serikali kununua kwa pamoja.

Lakini msifikiri kila mkopo wa bilini unafaulu. Uingereza ilianzisha Green Deal Januari 2013, mkopo unaokaa kwenye mita ya nyumba siyo kwa mtu, na sharti kwamba marejesho yasizidi kile kinachookolewa. Wazo zuri. Riba ikawa kubwa, makaratasi mengi, na nyumba kama 14,000 tu ndizo zilizokopa. Julai 2015 serikali ikaacha kuuchangia. Miaka mitano baadaye wakaja na vocha za Green Homes Grant, Septemba 2020, pauni bilioni 1.5, wakilenga nyumba 600,000. Miezi sita tu, Machi 2021, wakafunga. Wakaguzi wa hesabu walikadiria nyumba zitakazofikiwa ni 47,500. Mafundi waliosajiliwa walikuwa wachache, na wengine walisubiri malipo yao mpaka wakachoka.

Na Italia ikaenda upande wa pili kabisa: mwaka 2020 ikatangaza kurudisha asilimia 110 ya gharama kwa njia ya punguzo la kodi, haki ambayo mtu aliweza kumuuzia mwingine. Soma tena: mia na kumi. Mwenye nyumba hakuwa na sababu hata moja ya kuuliza bei. Gharama kwa hazina zilipita euro bilioni 100, na utapeli ukawa mkubwa hadi serikali ikabana uuzaji wa ile haki ya kodi mwaka 2023.

Mimi nikiulizwa, fungu liende kwanza kwa ukaguzi wa bure na mkaguzi asiyeuza chochote. Lakini hapa tunamsaidia mama yako, kwa hiyo: omba idhini kwa kitu kimoja au viwili, ambatisha nakala ya daftari lako la mita, na usianze hata kupiga msumari.

---

MamaPacha

Pole dada, mimi nimepita njia hiyo. Miaka mitatu iliyopita tulipata ruzuku ya kuvalisha kuta kwa nje. Kampuni ilikuwa imesajiliwa, ina kofia na magari yenye nembo. Walibandika mabamba juu ya lipu ya zamani yenye nyufa, hawakuyafunga vizuri kwenye vizingiti vya madirisha. Mvua ya kwanza ndefu maji yakaingia nyuma ya mabamba yakakosa pa kutokea. Mwezi wa nne chumba cha watoto kilikuwa na ukungu mweusi nyuma ya kabati, na mmoja wa mapacha akaanza kukohoa usiku. Kampuni ikawa haipokei simu. Ofisi ya ruzuku ikasema mkataba ni kati yangu na kampuni.

Nilidhani ni bahati yangu mbaya peke yangu. Oktoba 2025 ofisi ya ukaguzi wa hesabu ya Uingereza ikatoa ripoti kuhusu kazi kama hizo kwenye mipango yao miwili: katika nyumba zilizovalishwa kuta kwa nje, asilimia 98 zilikuwa na kasoro kubwa za kurekebisha, nyumba kati ya 22,000 na 23,000. Nilisoma nikakaa kimya muda mrefu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza yeyote anayekuletea kalamu ni hili: baada ya mwaka mmoja kukiwa na unyevu, nani anakuja, kwa namba gani, na je, sehemu ya malipo yake inazuiliwa mpaka ukaguzi upite? Akijibu kwa tabasamu bila karatasi, mfungulie mlango atoke.

---

MpangajiChumbaCha3

Samahani kuingilia. Nasoma uzi huu kwa wivu kidogo. Sisi wapangaji ruzuku hii haitugusi. Bati ni la mwenye nyumba, bili ni yangu. Nilimpelekea fomu, akaniuliza yeye atafaidika nini. Kwa kweli nilikosa jibu.

Kuna nchi zilizolishughulikia hilo kwa amri badala ya kubembeleza?

---

DawatiLaMaombi

MpangajiChumbaCha3, zipo. England tangu Aprili 2018 hairuhusiwi kuingia mkataba mpya wa kupangisha nyumba yenye daraja la nishati F au G (A ndilo bora, G la mwisho), isipokuwa kwa msamaha maalumu. Ufaransa tangu Januari 1, 2025 nyumba za daraja G hazipangishwi kwa mikataba mipya. New Zealand ilianza na ruzuku ya kuhami mwaka 2009, ikafuata na sheria: kufikia Julai 1, 2019 nyumba za kupanga zikatakiwa ziwe zimehamiwa dari na sakafu pale inapowezekana. Naupenda mfuatano huo wa New Zealand, msaada kwanza, amri baadaye. Na walichangamka kwa sababu watafiti wao walikuwa wamefuatilia kaya 1,350, matokeo yakachapishwa 2007: nyumba zilizohamiwa, watu waliugua mara chache kuliko kwenye zisizohamiwa, na watoto walikosa shule siku chache kuliko wenzao. Faida kubwa ilionekana kwenye afya kuliko kwenye mita.

Kwa mwenye nyumba wako, mwambie bati lenye rangi ya kurudisha jua halitanuki na kusinyaa sana, kwa hiyo misumari haitalegea mapema. Hiyo ni faida yake, siyo yako.

---

BintiMwalimu

Nimerudi, siku nane baadaye. Asanteni, nimewasomea mama majibu yote kwa sauti. Ya MamaPacha aliniomba nirudie.

Hatukusaini. Yule kijana alipiga simu mara nne, mara ya mwisho sauti yake haikuwa tena na ile adabu.

Hita: tumeiwasha saa kumi jioni, tumeizima saa kumi na mbili, kila siku, wiki nzima. Sikubadilisha kingine. Mita ya Jumapili: yuniti 51. Nilirudi kuisoma mara ya pili nikidhani nimekosea tarakimu. Wajukuu wamepewa kazi ya swichi, mmoja kuwasha, mmoja kuzima, na wanagombania.

DawatiLaMaombi, Mungu akubariki. Mita ilikuwa na jina la baba, na hati pia. Tungeomba hivyo hivyo tungekataliwa. Mama alikwenda mwenyewe na cheti cha kifo na barua ya mirathi, jina la mita limebadilishwa, la hati liko njiani na tumepewa karatasi ya kuthibitisha. Na ukurasa wa mwisho wa masharti ulikuwa na dirisha la wastaafu kama ulivyosema! Maandishi madogo kweli kweli. Malipo kwa fundi moja kwa moja, lakini lazima mkaguzi wao aje kabla na baada. Tumeomba kuhami paa peke yake, tukaambatisha nakala ya kurasa za daftari. Yule dada wa dirishani alizigeuza kurasa mbele na nyuma, akaniuliza kama nimetumwa na chuo.

---

FundiMstaafu

Yuniti kumi na moja kwa swichi tu. Safi sana. Mkaguzi akija kabla ya kazi, mfuate darini au mtume mtu amfuate. Nakuomba uangalie vitu vitatu: tundu la bati juu ya ile kona, maungio ya waya yasiyo na boksi, na taa yoyote iliyozama ndani ya dari, maana pamba ikiifunika joto lake linaweza kuwasha moto. Marekani wana mpango wa kuhami nyumba za wenye kipato kidogo tangu 1976, uliozaliwa baada ya mafuta kupanda bei, na umeshapita kwenye nyumba zaidi ya milioni 7. Kilichoufanya udumu, kwa maoni yangu, ni nidhamu tatu: mkaguzi anapima kabla, na kila kazi ya kuokoa nishati lazima ithibitike kuwa itarudisha gharama yake au zaidi, halafu nyumba haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka ikaguliwe mwishoni. Huwa wanafunga feni kubwa kwenye fremu ya mlango, wanashusha shinikizo la hewa kwa paskali 50, kisha wanazunguka na kiganja wakitafuta upepo unapoingia. Ninyi madirisha yenu yako wazi mchana, hamhitaji feni hiyo. Tochi na ngazi vinatosha.

---

BintiMwalimu

Wiki ya sita tangu niandike mara ya mwisho. Mpira wa friji tumebadilisha, karatasi sasa inashikwa mpaka inachanika. Wiki mbili mfululizo mita imesoma 46 na 47. Kamba mama ameitupa.

Mkaguzi alikuja Jumatano. Mwanamke wa makamo, alipanda mwenyewe na tochi, akakaa juu dakika arobaini. Alipata tundu la bati, ni msumari uliong'oka, na alipata maungio mawili ya waya yaliyofungwa kwa utepe tu, moja limeshaungua likawa jeusi. Aliliita jina la mama kutoka juu, akamwambia ashukuru hakuna mtu aliyepuliza povu pale. Bati limezibwa jana, waya zimewekwa kwenye maboksi. Barua ya idhini imetoka na tarehe yake naijua kwa moyo.

Swali la mwisho, FundiMstaafu. Barua inaruhusu pamba ya milimita 100 juu ya dari na foili chini ya bati. Fundi tuliyempata anasema tuongeze wenyewe tufikie 150. Inafaa?

---

FundiMstaafu

Kwa joto la jua, mkiwa na foili iliyoachiwa hewa, 100 inatosha. Milimita za kwanza ndizo zinazofanya kazi kubwa, za nyongeza zinazidi kupungua nguvu. Fedha ya hizo 50 bandikeni vipande vya dari pale kona ilipobonyea na muzibe nafasi kati ya dari na ukuta, kwa sababu hewa ya moto ikipata upenyo wa kidole pamba haiizuii. Fundi avae barakoa na mikono mirefu, aanze saa kumi na mbili asubuhi amalize kabla ya saa nne, asipande mchana. Na swichi kuu izimwe. Mama abaki chini ailinde, nadhani ataiweza kazi hiyo.